Kijito kisicho na bamvua wala maji mafu

Mvuvi wa kwetu hatazami maji ili ajue yamefika wapi. Hutazama mwezi. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu ni bamvua, baina yake ni maji mafu, na hesabu hiyo haijapata kumdanganya mtu. Marehemu babangu, aliyetega malema Lamu umri wake wote, angeweza kukwambia leo bahari itajaa saa ngapi Ijumaa ya mwezi ujao. Basi msomaji usinicheke nikikueleza kwamba maji yaliyotaka kunitoa roho hayakuwa ya bahari, bali ya kijito ambacho asubuhi yake kilinifika magotini.

Ilikuwa Juni 2018. Nilikwenda Columbus, mji mkuu wa jimbo la Ohio, Marekani, ambako Wasomali na Wabarawa ni wengi hata mgeni wa pwani hakosi msikiti wala sambusa. Huko anakaa mwanangu, mtoto wa marehemu kakangu, aendeshaye lori. Aliyenituma ni mamangu, na ujumbe wake ulikuwa mfupi: kamuulize mjukuu wangu yuaja lini, au angojea kuja kunizika? Kijana alikuwa ameondoka 2004, mwaka mmoja baada ya babake kuchukuliwa na bahari wakati wa kusi, na tangu hapo hakurudi.

Siku nne nilijaribu kuufikisha ujumbe ule. Kila nikifungua mdomo, yeye hunimiminia chai. Siku ya tano akasema, "Ami, kesho twende tukavue."

Tukanikatia leseni kwanza, maana huko hata mgeni wa siku moja havui bila karatasi ya serikali. Kisha tukaenda magharibi ya mji, kwenye kijito kiitwacho Little Darby, ambacho humwaga maji yake katika Big Darby karibu na Georgesville. Ni maji mazuri. Chini ni changarawe, kandoni ni mikuyu, na mna kome wa maji baridi wa aina zaidi ya 40 katika vijito hivyo viwili na matawi yake. Mlikuwa pia na kambare mdogo ambaye hakupatikana popote duniani ila Big Darby. Mara ya mwisho alionekana 1957, na mwaka 2023 serikali ya Marekani ikatangaza kwamba ametoweka.

Samaki tuliyemwendea ni besi wa mdomo mdogo. Jina lisikudanganye, mdomo wake si mdogo hivyo. Ila taya lake halipiti jicho, na la binamu yake wa mdomo mpana hupita. Huyo binamu Wakenya twamjua, kwani aliletwa Naivasha kutoka Marekani mwaka 1929. Huyu wa Ohio ana rangi ya shaba, macho mekundu, na mistari ya kusimama ubavuni. Mfaransa Lacépède, aliyemwandika vitabuni mwaka 1802, alimpa jina la kitaalamu lenye maana ya pezi fupi, kwa kuwa yule aliyeletewa pezi lake la mgongoni lilikuwa limeraruka. Tangu hapo ukoo mzima wabeba jina la ajali ya samaki mmoja!

Hakai popote. Hukaa nyuma ya jiwe, pale maji ya kasi yanapokutana na maji yaliyotulia, akingoja mkondo umletee riziki, hasa kamba wa mtoni. Mwanangu alinifunga ndoana yenye kamba wa mpira, akanifundisha kutupa juu ya mkondo na kumwacha ateremke mwenyewe. Tulisimama kwenye kijisiwa cha changarawe katikati ya kijito. Mara ya sita au ya saba uzi ukakazika, ufito ukapinda, na samaki akaruka juu mara mbili. Wallahi, nimevuta kolekole wakubwa mara tano yake, na mkono haukutetemeka vile.

Alikuwa wa kama futi moja. Nikamtia kamba mashavuni. Mwanangu akataka nimwachilie: samaki wa ukubwa ule kijitoni ana miaka minne hivi, na wenyeji huwarudisha ili wasiishe. Nikamwambia babu yako hakupata kumwumiza samaki kwa mchezo. Ukimtoboa mdomo, umle. Kiumbe chenye roho hakifanywi shabaha, na hilo katika dini yetu lajulikana. Akasema, "Sawa, ami, lakini babu alikuwa na bahari nzima." Kusema kweli jawabu sikuwa nalo.

Tukiwa katika ubishi huo, maji yakabadilika rangi. Juu yetu jua lawaka. Radi niliisikia mbali, kaskazini, nikaipuuza. Sikujua kwamba chini ya yale mashamba ya mahindi na soya yanayokizunguka kijito mmezikwa mabomba ya kukausha udongo, na mvua ikinyesha huko juu humiminwa kijitoni mara moja. Maji yakawa kama chai ya maziwa, vijiti vikaanza kupita, kisha gogo. Kijisiwa kikamezwa. Mimi, mwana wa mvuvi, nilikuwa bado nazungusha uzi.

"Ami, toka!" Akanishika mshipi wa suruali. Tulivuka maji yakiwa kiunoni, miguu ikiteleza, naye akinisukuma kuelekea juu ya mkondo. Ufito ulikwenda. Samaki wangu alikwenda na kamba yake, hakuliwa wala hakuachiliwa.

Ukingoni alikaa kitako akitetemeka, na hakukuwa na baridi. Ndipo aliposema, "Mimi huvua hapa kwa sababu nikianguka nasimama." Sikuuliza zaidi. Nikampa ujumbe wa bibi yake, neno kwa neno, naye mara hii hakuwa na chai ya kunimiminia.

Mwaka huo hakuja. Alikuja 2022, kwa wiki tatu, na mzigoni mlikuwa na ufito mpya wangu. Mamangu alimshika uso kwa mikono miwili, asimwambie kitu. Nilimwalika mashuani akakataa; akavua Shela, amesimama mchangani, maji yakimfika vifundoni. Kabla ya kutupa ndoana aliniuliza, "Leo mwezi ngapi, ami?"