Kununua Msitu Kando ya Mto: Ardhi Kama Bidhaa Nchini Uingereza

Utangulizi

Madalali wa ardhi wa mashambani nchini Uingereza hutangaza mara kwa mara mali ya aina hii: kipande cha msitu cha ekari chache, chenye mialoni na mierebi, kinachopakana na mto kama Wye au Teme, kinauzwa. Wanunuzi si mabwanyenye peke yao. Wamo walimu waliostaafu, mafundi, wauguzi na wafanyakazi wa ofisini waliojiwekea akiba kwa miaka mingi. Wanatafuta mahali pa kukata kuni, kuketi kando ya maji na kuwaonyesha watoto wao ndege na maua ya porini.

Kwa mwananchi aliyezoea kwamba msitu ni wa kijiji au wa Serikali, jambo hili laweza kumshangaza. Mtu mmoja atamilikije ukingo wa mto? Lakini kada hapaswi kuishia kwenye mshangao. Hana budi kuuliza: mnunuzi huyu ananunua nini hasa? Anayemwuzia aliipata wapi mali hiyo? Na uuzaji wa namna hii unatufundisha nini juu ya ardhi inapogeuzwa kuwa bidhaa?

Makala haya yanahusu Uingereza yenyewe, yaani England, kwa kuwa Scotland ina sheria zake za ardhi.

Mnunuzi anapata nini

Kwa nadharia ya sheria ya Kiingereza, ardhi yote ni ya Mfalme tangu Wanormani walipoiteka nchi mwaka 1066. Kinachouzwa si udongo wenyewe, bali milki juu ya udongo. Sheria ya Mali ya mwaka 1925 ilibakiza milki za aina mbili tu: milki ya daima, isiyo na kikomo cha muda, na milki ya kupanga kwa miaka iliyotajwa. Msitu mdogo kwa kawaida huuzwa kwa milki ya daima. Mnunuzi hulipa bei, wakili wake huchunguza hati, na jina lake huandikwa katika daftari la Msajili wa Ardhi.

Msitu unapopakana na mto usiofikiwa na maji ya bahari, sheria huchukulia kwamba milki inafika katikati ya mkondo, isipokuwa hati ikisema vingine. Mwenye ukingo wa pili humiliki nusu iliyobaki. Maji yanayopita hayana mwenyewe, lakini mwenye ukingo anaruhusiwa kuteka hadi mita za ujazo 20 kwa siku bila leseni. Pamoja na haki hizo huja wajibu: lazima ayaache maji yapite bila kuzuiwa, wala asiyachafue kwa hasara ya walio chini yake.

Hapa ndipo mnunuzi mgeni hustaajabu. Haki ya kuvua samaki yaweza kutengwa na ardhi na kuuzwa peke yake. Mtu anaweza kumiliki ukingo, na mchanga ulio chini ya maji, na bado asiruhusiwe kutupa ndoana, kwa sababu kabaila wa zamani aliiuza haki hiyo kwa chama cha wavuvi miaka mingi iliyopita. Haki ya kuwinda nayo hutengwa vivyo hivyo, na haki ya madini ya kawaida pia. Dhahabu, fedha na mafuta ya petroli ni mali ya Taji, hata yakiwa chini ya msitu wa mtu.

Kwa hiyo ardhi imegawanywa vipande mara mbili: kwanza kwa mipaka juu ya ramani, na pili kwa haki zilizo ndani ya mipaka hiyo. Kila haki inaweza kuwekewa bei yake. Hii ndiyo sura kamili ya bidhaa.

Serikali imechukua nini

Mwenye msitu hana uhuru wa kufanya apendavyo. Sheria ya Mipango ya Miji na Vijiji ya mwaka 1947, iliyopitishwa na serikali ya chama cha Labour, iliitwaa haki ya kuendeleza ardhi na kuiweka mikononi mwa umma. Tangu hapo mwenye ardhi hawezi kujenga nyumba bila kibali cha halmashauri, na kibali cha kuishi msituni hakipatikani kwa urahisi. Banda dogo la vifaa vya kazi ya msitu huweza kukubaliwa, baada ya halmashauri kuarifiwa.

Miti nayo ina ulinzi. Kwa Sheria ya Misitu ya mwaka 1967, mwenye msitu anaweza kukata mita za ujazo 5 katika kila robo ya mwaka bila kibali, na kati ya hizo asiuze zaidi ya mita 2. Zaidi ya hapo ni lazima apate kibali, ambacho mara nyingi humtaka apande tena. Popo na fisi maji hulindwa na sheria, pamoja na mahali wanapolala. Kazi ya ujenzi katika mto mkubwa au karibu na ukingo wake huhitaji ruhusa ya mamlaka ya mazingira. Hata mwenye haki ya kuvua lazima awe na leseni ya mshipi, na samaki wengi wa mtoni huachwa wapumzike tangu tarehe 15 Machi hadi tarehe 15 Juni.

Tujumlishe basi. Mnunuzi hawezi kujenga. Hawezi kukata miti mingi. Pengine hawezi kuvua wala kuwinda. Amebakiwa na nini kinachostahili akiba ya miaka ishirini?

Amebakiwa na haki ya kumzuia mwenzake asiingie. Hiyo ndiyo haki ambayo serikali ya mwaka 1947 haikuigusa. Mtu akiingia msituni bila ruhusa, kwa kawaida hatendi kosa la jinai. Lakini mwenye milki anaweza kumtoa na kumshitaki kwa madai. Pakiwa na njia ya umma ndani ya msitu, mwenye msitu hawezi kuifunga. Lakini mpita njia akiiacha, amevuka mpaka. Umma ulitwaa uwezo wa kuamua matumizi ya ardhi, lakini haukutwaa ardhi. Huu ni mfano mzuri wa tofauti kati ya kudhibiti mali na kuimiliki.

Aliyeuza aliipata wapi

Kabla ya ubepari kukomaa, mkulima mdogo wa Kiingereza hakuwa na hati ya msitu, lakini alikuwa na haki ndani yake. Hati ya Misitu ya mwaka 1217 ilithibitisha haki za watu huru ndani ya misitu ya Mfalme, miongoni mwao haki ya kulisha nguruwe chini ya mialoni yao. Kwa desturi za vijiji wakulima waliokota kuni na kuchunga ng'ombe katika ardhi ya pamoja. Kwa familia maskini haki hizi zilikuwa chakula na moto wa kupikia.

Haki hizo zilivunjwa hatua kwa hatua. Tangu mwaka 1604 hadi mwaka 1914 Bunge lilipitisha sheria zaidi ya 5,200 za kuzungushia ua ardhi za pamoja, kiasi cha ekari milioni 6.8, zaidi kidogo ya sehemu moja kwa tano ya England yote. Waliopitisha sheria hizo wengi wao walikuwa wenye ardhi wenyewe. Mwaka 1723 ilipitishwa sheria iliyojulikana kama Sheria ya Weusi, kwa sababu watu waliojipaka masizi usoni walikuwa wakiingia usiku katika misitu ya Windsor na Waltham kuwinda paa wa wakubwa. Sheria hiyo iliweka adhabu ya kifo kwa makosa mengi, pamoja na kukata miti iliyopandwa na kubomoa kingo za mabwawa ya samaki. Aliyepoteza msitu na malisho hakuwa na njia ila kuuza nguvu zake mashambani mwa wengine au viwandani. Tabaka la wavujajasho wa Kiingereza lilikuzwa kwa njia hii pia.

Matokeo yanaonekana hadi leo. Mtafiti Guy Shrubsole, katika kitabu chake cha mwaka 2019 juu ya nani anamiliki England, alikadiria kwamba nusu ya nchi inamilikiwa na watu wasiofikia asilimia 1. Daftari la ardhi lenyewe lilifunguliwa kwa umma mwezi Desemba 1990 tu. Na kwa kuwa kinachoilazimisha ardhi isajiliwe ni kuuzwa au kuhamishwa, mashamba ya ukoo yaliyokaa mikononi mwa kabaila yuleyule kwa vizazi yanaweza kuwa hayajaandikwa bado. Mwalimu mwenye ekari nne anajulikana, lakini kabaila mwenye maelfu anaweza asijulikane.

Dalali na bei

Shamba kubwa linapouzwa, dalali mwenye mtaji hununua msitu mzima. Huchonga barabara ya magari, huweka mageti, huugawa msitu katika vipande vya ekari chache na kuvipa majina ya kupendeza. Ekari moja katika kipande kidogo huuzwa kwa bei kubwa kuliko ekari ileile ilipokuwa ndani ya msitu mzima. Kipande chenye mto huongezewa bei zaidi. Hakuna mti ulioongezeka. Faida inatoka katika ugawaji. Mara nyingi dalali humfunga mnunuzi kwa masharti yanayofungamana na ardhi, kama vile kutofanya biashara au mikusanyiko yenye makelele, ili vipande vya jirani visipungue thamani.

Kodi nayo inampendelea mwenye mtaji. Tangu mwaka 1988 faida ya kuuza miti ya msitu wa biashara haitozwi kodi ya mapato. Mwenye msitu mkubwa hupata nafuu kubwa. Mwenye ekari nne, ambaye mavuno yake ni kuni za majira ya baridi, hapati chochote cha maana.

Kwa hiyo tusimchanganye mnunuzi mdogo na kabaila. Mwalimu mstaafu hamnyonyi mtu kwa kukaa chini ya mwaloni wake. Njaa yake ya ardhi ni ya haki, na imetokana na unyang'anyi wa kale. Ananunua kwa rejareja kile ambacho babu zake walinyang'anywa kwa jumla. Lakini njia anayoitumia haimponyi ila yeye. Akishafunga geti lake, jirani asiye na akiba amebaki nje kama zamani.

Mapambano ya pamoja

Wafanyakazi wa Kiingereza hawakukubali hali hii kimya. Tarehe 24 Aprili 1932 mamia ya vijana, wengi wao wafanyakazi kutoka Manchester, walipanda mlima wa Kinder Scout kwa pamoja bila ruhusa ya wenye ardhi. Vijana watano walifungwa jela. Mwaka 1949 ilipitishwa sheria ya hifadhi za taifa, na mwaka 2000 sheria iliyowapa wananchi haki ya kutembea kwa miguu milimani, nyikani na katika ardhi za pamoja zilizosajiliwa. Haki hiyo inafikia kama asilimia 8 tu ya England. Misitu na kingo za mito, kwa jumla, iliachwa nje. Ndiyo maana kipande cha msitu chenye mto kina bei: kinauza hasa kile ambacho umma haukukipata.

Kwa upande wa pili wa mpaka, sheria ya Scotland ya mwaka 2003 iliwapa watu wote haki ya kupita katika ardhi nyingi na maji mengi ya nchi kavu, mradi waitumie kwa uangalifu. Sheria hiyohiyo ilizipa jumuiya za mashambani nafasi ya kwanza ya kununua ardhi inapouzwa. Misitu ya huko haikuharibika kwa kuwa imefunguliwa.

Mwaka 2010 serikali ya Uingereza ilikuja na mpango wa kuuza misitu ya umma ya England. Watu zaidi ya nusu milioni walitia sahihi kuupinga, na mwezi Februari 2011 mpango huo uliachwa. Umma uliosimama pamoja uliokoa misitu mingi kuliko ambayo akiba za watu mmoja mmoja zingeweza kununua.

Funzo kwetu

Milki hii ya daima ilikaribia kuwa yetu. Tume ya Kifalme ya Afrika Mashariki ya mwaka 1953 hadi 1955 ilipendekeza ardhi ya Waafrika ielekezwe kwenye umilikaji wa mtu mmoja mmoja. Mwalimu Nyerere aliipinga njia hiyo katika maandishi yake ya mwaka 1958, Mali ya Taifa. Baada ya Uhuru, sheria ya mwaka 1963 ilizigeuza hati za milki ya daima kuwa za upangaji kutoka Serikalini. Sheria za Ardhi za mwaka 1999 zimesema kwamba ardhi yote ni ya umma, chini ya udhamini wa Rais, na ardhi ya kijiji husimamiwa na halmashauri ya kijiji kwa niaba ya wanakijiji.

Lakini sheria hizohizo zinakubali kwamba haki katika ardhi ina thamani, na penye thamani dalali hayuko mbali. England haikupoteza misitu yake kwa siku moja. Iliipoteza kwa ua mmoja baada ya mwingine, na kila ua ulikuwa na hati halali. Kada anayehudhuria mkutano wa kijiji ambako msitu wa mtoni unaombwa na mwenye mtaji hana budi kuuliza maswali mawili kabla mhuri haujapigwa: nani atazuiwa kuingia, na kuni na maji atayapata wapi?

Maswali ya majadiliano

1. Eleza tofauti kati ya kudhibiti matumizi ya ardhi na kuimiliki, kwa kutumia mfano wa sheria ya mwaka 1947.
2. Kwa nini faida ya dalali wa msitu haitokani na kazi ya kukuza miti?
3. Mnunuzi wa ekari nne na kabaila wa ekari elfu wanatofautianaje kitabaka?
4. Katika kijiji chako, ni haki zipi za kuni, malisho na maji zinazotumika bila kuandikwa? Zinalindwaje?