Kwa Nini Muuguzi wa Dharura Humuuliza Mgonjwa Jina Lake na Siku ya Leo

Na Mwandishi Wetu

Kijana ameanguka na bodaboda. Ndugu zake wamemfikisha hospitalini uso ukiwa umevimba, na muuguzi, baada ya kuhakikisha kuwa anapumua vizuri na hatokwi na damu nyingi, anainama na kumuuliza: "Unaitwa nani? Hapa ni wapi? Leo ni siku gani?" Kabla mgonjwa hajafumbua kinywa, ndugu mmoja, kwa uchungu na kwa nia njema, anadakia: "Anaitwa Juma, tumemleta hapa hospitali, leo Jumanne. Jamani, mtibuni kwanza!"

Kwa jibu hilo, kipimo kimeharibika. Muuguzi hakuwa akijaza fomu, bali alikuwa akipima ubongo.

Ubongo hutegemea oksijeni na sukari zinazoletwa na damu bila kukatika, na akiba yake ni ndogo mno. Ndiyo maana mgonjwa anaweza kuanza kuchanganyikiwa hata kabla dalili nyingine hazijajitokeza wazi. Kiini chaweza kuwa jeraha la kichwa, kiharusi, malaria kali, kushuka kwa sukari, maambukizi yaliyoenea mwilini, sumu au figo kushindwa kufanya kazi. Maswali yale matatu hayamwambii daktari ni kipi kati ya hivyo. Humwambia kwamba kuna jambo, na kwamba halipaswi kusubiri foleni.

Upimaji huanza kwa kumtazama tu. Mgonjwa aliye macho na anayefuatilia yanayotendeka huhesabiwa kuwa yu macho kamili. Asipokuwa hivyo, huitwa kwa sauti. Asipoitika, hubinywa ukucha au msuli wa bega ili kuona kama atahisi maumivu. Tendo hili huwaudhi ndugu wanaolishuhudia, lakini si ukatili: anayeusukuma mkono wa muuguzi na asiyetikisika kabisa ni wagonjwa wawili tofauti, na uharaka wa matibabu yao hautofautiani kidogo.

Kwa anayeweza kuzungumza, hufuata maswali ya utambuzi: yeye ni nani, yuko wapi, ni wakati gani na nini kimempata. Kwa kawaida utambuzi wa wakati ndio hupotea mapema, kisha mahali. Jina la mtu mwenyewe hudumu hadi mwisho. Kwa hiyo mgonjwa kutaja jina lake sawasawa hakutoshi kuthibitisha kuwa akili yake imetulia.

Hapa busara ya mpimaji huhitajika. Bibi wa kijijini asiyefuata kalenda anaweza asijue tarehe akiwa mzima wa afya, ilhali anajua fika kwamba jana ilikuwa siku ya gulio au kwamba mwezi wa Ramadhani umeandama. Mgonjwa anayesema ni saa tatu asubuhi, na saa ya ukutani inaonyesha 09:00, hajakosea lolote. Amesoma saa kwa Kiswahili. Vilevile, asiyejibu kwa Kiswahili huenda akajibu vizuri akiulizwa kwa lugha ya nyumbani kwao. Ndugu anayetafsiri anaombwa atafsiri swali kama lilivyo, bila kuongeza jibu ndani yake.

Matokeo huandikwa kwa alama. Kipimo kinachotumika zaidi duniani ni kile cha Glasgow, kilichochapishwa mwaka 1974 na madaktari bingwa Graham Teasdale na Bryan Jennett wa Chuo Kikuu cha Glasgow, Uingereza. Kufumbua macho kuna alama 4, kuzungumza alama 5 na kujongeza viungo alama 6. Jumla ya juu ni 15, na ya chini ni 3, wala si sifuri. Kwa aliyeumia kichwa, alama 13 hadi 15 huashiria jeraha dogo, 9 hadi 12 la wastani, na 8 kushuka chini ni jeraha kubwa, ambapo huhofiwa kwamba mgonjwa hawezi tena kuilinda njia yake ya hewa.

Mtoto asiyejua kusema hawezi kuulizwa siku. Kwa ajili ya watoto wenye malaria ya ubongo, majirani zetu wa Malawi ndiko kilikotungwa kipimo cha Blantyre, chenye alama 0 hadi 5, ambacho huangalia kilio cha mtoto, jinsi anavyoitikia maumivu na kama macho yake yanamfuata mama.

Lipo kosa moja linalogharimu maisha, nalo hufanywa na ndugu na wahudumu pia: kudhani kwamba anayenuka pombe amelewa tu. Mlevi naye huanguka na kuvunjika fuvu, na sukari yake hushuka. Tone moja la damu kutoka kidoleni huonyesha kiwango cha sukari kwa sekunde chache. Hakuna sababu ya kukisia.

Ndugu wana nafasi yao, nayo ni kubwa. Wao pekee ndio wajuao mgonjwa alikuwaje jana. Mzee aliyeanza kusahau miaka mitatu iliyopita si sawa na mzee aliyechanganyikiwa leo alfajiri. Mwambie muuguzi mara ya mwisho mgonjwa alionekana mzima saa ngapi, dawa anazotumia, na kama alipoteza fahamu hata kwa muda mfupi. Kwa asiye na fahamu, usimpe maji wala chakula mdomoni.

Kipimo hurudiwa, kwa sababu alama ya saa moja iliyopita haitoshi. Katika baadhi ya majeraha ya kichwa, mgonjwa huzinduka, huzungumza na hata kuomba arudi nyumbani, huku damu ikivujia taratibu kati ya fuvu na utando wa ubongo. Saa chache baadaye hulala asiamke. Aliyeruhusiwa baada ya kuumia kichwa asiachwe peke yake usiku wa kwanza. Akianza kutapika mara kwa mara, kuumwa kichwa kunakozidi, kusinzia kupita kawaida au kutoa majibu yasiyoeleweka, arudishwe hospitalini usiku uleule.