Lugha ya Kuandikia Mahitaji ya Programu za Kompyuta

Mtu atakaye kutengenezewa programu ya kompyuta hana budi kwanza kusema aitaka ifanye nini. Kumwuliza, kumsikiliza, na kuyaandika mahitaji yake bila kuacha shaka ni kazi ya mchambuzi wa shughuli. Yeye husimama kati ya wenye shughuli na watengenezaji wa programu, na chombo chake kikubwa ni lugha. Kwa sababu hiyo kazi hii yawahusu pia wachunguzi wa Kiswahili.

Jambo la kwanza la kujifunza ni kwamba hitaji lisilopimika ni tamaa tu. "Programu ijibu upesi" ni maneno mazuri, lakini upesi wa mmoja ni ukawivu wa mwingine. "Programu ionyeshe jina la msomaji kabla ya kupita sekunde 2" ni hitaji, kwani laweza kujaribiwa. Vile vile "taarifa ipelekwe" haitoshi: kauli ya kutendwa humficha mtenda, na mtengenezaji hajui nani apeleke, kwa nani, wala lini.

Jambo la pili ni nguvu ya amri. Mwaka 1997 Scott Bradner alitoa waraka namba 2119 katika mfululizo wa nyaraka za intaneti, akabainisha maneno ya Kiingereza ya kuonyesha lililo lazima, lipendekezwalo, na la hiari. Kwetu "lazima", "yafaa" na "yaweza" hutosha, mradi maana zake zielezwe mwanzoni mwa waraka na zisibadilishwe. Kiambishi hu- kiepukwe: "programu hukataa" yaeleza desturi, wala haiamuru.

Jambo la tatu lina utata zaidi. Mwaka 2009 Alistair Mavin na wenzake wa kampuni ya Rolls-Royce, wakishughulikia udhibiti wa injini za ndege, walitoa vielelezo vichache vya sentensi vinavyotenga tukio, hali inayoendelea, na hitilafu, kila kimoja kwa neno lake la kuanzia. Kiswahili mara nyingi hutumia -ki- kwa yote matatu. "Msomaji akirudisha kitabu": je, ni pale arudishapo, wakati yu katika kurudisha, au kama atarudisha? Katika mazungumzo mazingira hutufumbulia maana. Mashine haina msaada huo.

Basi twaweza kuagana hivi. Kwa tukio: "Msomaji arudishapo kitabu, lazima programu iandike tarehe." Kwa hali: "Muda wote ambao msomaji ana kitabu kilichopita siku zake, lazima programu imzuie kuazima kingine." Kwa hitilafu: "Endapo namba ya kitabu haimo katika orodha, lazima programu imwarifu mkutubi."

Mtu aweza kupinga kwamba -po- nayo hubeba maana ya sharti, kama katika "iwapo". Ni kweli; ndiyo maana matumizi haya yawekwe kwa mapatano yaliyoandikwa, yasiachiwe sarufi peke yake. Naye mwenye shughuli asikatazwe kusema -ki- yake. Ni juu ya mchambuzi kumwuliza ni ipi katika maana tatu aikusudiayo, na kumsomea sentensi iliyoandikwa kabla programu haijaanza kutengenezwa. Kwa maana kosa la neno hufutwa kwa kalamu leo, lakini likiisha kujengwa ndani ya programu, huenda likalazimu kazi yote kubomolewa.