Ubongo Mdogo Ulioko Kisogoni

Asubuhi ya siku ya soko, barabara iteremkayo kutoka uwanda wa juu wa Kamachumu, katika wilaya ya Muleba, hujaa watu. Mama mmoja hupita na mkungu wa ndizi kichwani, juu ya ngata, wala haushiki kwa mkono hata mmoja. Njia ni ya mawe, tena mvua ya usiku imeitia utelezi. Naye huku akienda huzungumza na mwenzake, hugeuza macho kuwatazama wapitao, huinua mguu kuvuka mfereji wa maji, na mkungu umetulia pale pale. Ukimwuliza, “Mama, wafanyaje usiuangushe?” atacheka na kukuambia, “Mwanangu, nimezoea.”

Jibu lake ni kweli. Lakini ni kitu gani ndani yake kilichozoea? Shingo na miguu hufanya kazi, walakini haviwezi kujiongoza vyenyewe. Vyaongozwa na sehemu moja ya ubongo ambayo watu wengi hawajui hata kwamba wanayo. Katika somo hili tutajifunza mahali ilipo, jinsi ilivyo, na kazi zake.

Weka kiganja chako kisogoni, pale fuvu la kichwa lianzapo kupinda kwenda shingoni. Nyuma ya mfupa huo, upande wa ndani, ndipo ulipo ubongo mdogo. Wataalamu huuita pia serebela. Juu yake umelala ubongo mkubwa, ambao hujaza sehemu kubwa ya fuvu. Mbele yake lipo shina la ubongo, nalo hushuka na kuwa ugwe wa mgongo, yaani ile kamba ya mishipa ya fahamu ipitayo ndani ya uti wa mgongo. Ubongo mdogo umeungana na shina hilo kwa vikonyo vitatu kila upande, na habari ziingiazo na zitokazo hupita humo.

Mbuzi achinjwapo na kichwa chake kupasuliwa, mwombe mchinjaji akuonyeshe. Utauona ubongo mkubwa wenye mikunjo minene, na nyuma yake donge dogo lenye mikunjo myembamba sana, iliyopangwa kama kurasa za kitabu kilichofumbwa. Hilo ndilo ubongo mdogo wa mbuzi. Wetu ni wa namna hiyo hiyo, ila ni mkubwa zaidi. Una pande mbili, wa kuume na wa kushoto, na katikati kuna ukanda mwembamba uziunganishao. Ukikatwa katikati, ndani yake huonekana mistari myeupe iliyotawanyika mfano wa shina la mti na matawi yake. Kwa sababu hiyo wataalamu wa kale waliliita umbo hilo mti wa uzima.

Uzito wa ubongo mdogo wa mtu mzima ni gramu 150 hivi, yaani karibu sehemu moja katika kumi ya ubongo wote. Lakini usiudharau kwa udogo wake. Ubongo wote wa mtu una chembe za fahamu zipatazo bilioni 86, na katika hizo karibu bilioni 69 zimo katika ubongo mdogo. Maana yake, katika kila chembe tano, nne zimo humo. Zilizo mashuhuri kuliko zote ni zile alizozieleza Jan Purkinje, mtaalamu wa Bohemia, mwaka 1837. Kila moja ina matawi mengi yaliyotandazwa ubapa, na kwa matawi hayo hupokea habari kwa njia zaidi ya laki moja.

Sasa tuulize: kazi ya ubongo mdogo ni nini? Tutazame mtumbwi wa wavuvi utokao Bukoba kwenda katikati ya ziwa. Wapiga kasia wako mbele, na nguvu ni yao. Nyuma kabisa, tezini, ameketi mtu mmoja mwenye kasia la kuongozea. Si yeye aliyeamuru safari, wala si yeye aupaye mtumbwi mwendo. Kazi yake ni kuangalia mawimbi na upepo, na mtumbwi ukienda upande hata kidogo hugeuza kasia lake, ukarudi katika njia. Mtu huyo akisinzia, wenzake watazidi kupiga kasia kwa nguvu zao zote, lakini chombo kitazunguka tu.

Mwili wetu ni vivyo hivyo. Ubongo mkubwa ndio utoao amri, na misuli ndiyo wapiga kasia. Ubongo mdogo umeketi nyuma, kama yule mshika kasia wa tezini. Kwanza huletewa habari ya amri yenyewe, mathalani, “Nataka kuinua mguu.” Kisha huletewa habari kutoka misuli na viungo, “Mguu umefika hapa.” Kutoka vijifereji vyenye majimaji vilivyomo ndani ya sikio hupata habari kwamba kichwa chageuka au kimetulia. Macho nayo huongeza habari zao. Hulinganisha lile lililokusudiwa na lile litendekalo, na palipo na kosa hulisahihisha kabla wewe mwenyewe hujatambua. Upande wake wa kuume huongoza mkono na mguu wa kuume, na wa kushoto huongoza vya kushoto. Ubongo mkubwa ni kinyume, kwa maana upande wake wa kuume hutawala viungo vya kushoto.

Fanyeni majaribio haya darasani. Nyosha kidole kimoja mbele ya macho yako, ukitikise upesi kwenda huku na huku huku ukikitazama. Hukioni vizuri. Sasa kituze kidole, utikise kichwa kwa mwendo ule ule. Waona? Kidole chaonekana wazi. Kichwa kinapokwenda kulia, macho huvutwa kushoto kwa kadiri ile ile, na ubongo mdogo ndio usimamiao kadiri hiyo isizidi wala isipungue. Jaribio la pili: fumba macho, nyosha mkono mbali, kisha gusa ncha ya pua yako. Kidole kimefika bila kuonyeshwa njia, tena kilipunguza mwendo kabla ya kufika, kisikupige usoni.

Jaribio la tatu litawachekesha. Mwenzako akikutekenya mbavuni, huruka ukacheka. Jitekenye mwenyewe mahali pale pale, wala hutacheka. Kwa nini? Kwa sababu ubongo mdogo husaidia kubashiri jambo litakalotokea kwa tendo lako mwenyewe, na lililokwisha kubashiriwa halikushtui. Huyo mwenzako hakuutangulizia habari.

Kazi nyingine iliyo kubwa ni kujifunza kwa mazoezi. Kumbuka siku ulipopanda baiskeli mara ya kwanza. Ulitazama usukani, ukasahau miguu; ulipokumbuka miguu, ukaanguka. Kila ulipokosea, habari ya kosa lako ilipelekwa katika ubongo mdogo, na zile chembe za Purkinje zikarekebishwa kidogo kidogo. Siku nyingi zikapita, na sasa waweza kuendesha huku ukiwaza mambo mengine. Hivyo ndivyo vidole vya mpiga enanga, ile ala ya nyuzi ya Wahaya, vipatavyo kuijua njia yao, naye akabaki na nafasi ya kuwaza maneno ya wimbo. Na yule mama wa Kamachumu alianza utotoni na kidumu kidogo cha maji, akakimwaga mara nyingi. Kwa hiyo mwanafunzi akoseaye katika mwandiko asikate tamaa, maana kosa lisahihishwalo ndilo limfundishalo.

Watu walijuaje mambo haya? Mwaka 1824 Pierre Flourens, mtaalamu wa Ufaransa, alitangaza habari za njiwa aliowaondolea ubongo mdogo. Njiwa wale hawakupooza. Waliona, walisikia, na mabawa waliyapiga, lakini hawakuweza kusimama wala kuruka kwa utaratibu. Baadaye ikaja Vita Kuu ya kwanza, ambayo ilifika hata hapa kwetu, maana mwezi wa Juni 1915 majeshi ya Waingereza yalivuka ziwa na kuushambulia mji wa Bukoba, uliokuwa mikononi mwa Wajerumani. Katika vita hiyo hiyo, huko Ufaransa, daktari Gordon Holmes aliwatibu askari waliopigwa risasi kisogoni. Aliona kwamba nguvu za mkono hazikwisha kabisa, bali kipimo cha mwendo kilipotea. Mkono ulinyoshwa kushika kitu ukapita mbele ya kitu hicho, au ukatetemeka ulipokaribia. Mgonjwa wake mmoja alimweleza kwamba mkono wake mzima ulifanya kazi bila yeye kuuwaza, lakini mkono ule mwingine ilimpasa kuwaza kila mwendo wake.

Mambo yaudhuruyo ubongo mdogo ni mengi. Pigo la kisogo ni mojawapo, kama la mtoto aangukaye kutoka juu ya mwembe, au la abiria wa pikipiki asiyevaa kofia ngumu. Malaria kali ipandayo ubongoni nayo huweza kuudhuru, na yapo magonjwa mengine ya ubongo, hata ya kurithi. Jingine ni pombe. Mtu anywapo rubisi nyingi, au enkonyagi iliyo kali zaidi, ubongo mdogo huwa miongoni mwa sehemu zisumbukazo upesi. Kwa hiyo hupepesuka, ulimi wake huwa mzito, na mkono wake hukosa kikombe. Asubuhi huona kwamba amepona. Lakini anywaye sana miaka kwa miaka, tena bila chakula cha kutosha, chembe za ubongo wake mdogo hufa. Hapo hutembea ametanua miguu, hupepesuka hata siku asiyoonja tone. Chembe zilizokufa hazioti tena. Mtoto ambaye ubongo wake ungali wakua hudhurika zaidi, basi kumwonjesha pombe si mchezo.

Mtu aliyeanguka na kupiga kichwa, kisha akatapika, akasinzia kupita desturi, akaumwa kichwa kwa kuzidi au akaanza kuyumba, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Katika wilaya ya Muleba ziko hospitali za Rubya, Kagondo na Ndolage, na mjini Bukoba iko hospitali ya mkoa. Waganga humwambia mgonjwa afuate kidole chao kwa macho, aguse pua yake, apinduepindue kiganja upesi, na atembee akiweka kisigino mbele ya vidole. Wewe ambaye umefanya majaribio yale, sasa wajua wanatafuta nini.

Liko neno la mwisho. Huenda katika kijiji chenu yupo mtu ayumbaye akitembea, au mtoto ambaye mkono wake hutetemeka akiandika, na uji wake humwagika kabla ya kufika kinywani. Watoto humfuata nyuma wakimwigiza na kumwita mlevi. Wakubwa wengine husema kwamba amerogwa, au kwamba ni mvivu. Pengine hakuonja pombe maisha yake yote. Akili zake zaweza kuwa timamu kama zako, na kila neno la dhihaka alisikia. Mshika kasia wake wa nyuma ameumia, naye yampasa kuwaza kila hatua, hatua ambayo wewe waipata bure. Mazoezi ya subira humsaidia, na mwenzake amshikaye mkono penye utelezi humsaidia zaidi. Wazee wetu walisema, hujafa hujaumbika.

MASWALI

1. Ubongo mdogo uko mahali gani, nao umeungana na nini?
2. Eleza kwa mfano wa mtumbwi tofauti ya kazi ya ubongo mkubwa na ya ubongo mdogo.
3. Kwa nini huwezi kujitekenya mwenyewe?
4. Njiwa wa Flourens na askari wa Holmes walifanana katika jambo gani?
5. Umemwona mtu akiyumba njiani. Taja sababu tatu ziwezazo kuleta hali hiyo, kisha useme utamtendea nini.