Fahamu: Kadi ya chanjo ikihamia kwenye tableti, Uvira itafaidika nini?

Kwa nini sasa? Desemba 2025, waasi wa M23 walipoingia Uvira, mji wa mashariki mwa Kongo (DRC), maelfu ya watu walikimbilia Burundi. Mtoto aliyepoteza kadi njiani hana ushahidi wa chanjo alizopata: ama anarudiwa sindano, ama anakosa dozi iliyobaki.

Mfumo hufanyaje kazi? Mtoto hupewa namba yake. Muuguzi huingiza kila dozi kwenye tableti, na kituo kingine huisoma kwa namba hiyo. Tanzania ilianza kuujaribu mkoani Arusha. Kongo inatumia DHIS2, mfumo wa kidijitali wa takwimu za afya, lakini hasa kwa jumla za kila kituo, si kwa mtoto mmoja mmoja.

Ni watoto tu? Hapana. Mwaka 2020, baada ya mafuriko ya Aprili, Uvira ilitoa chanjo ya kipindupindu hadi kwa watu wazima. Rejista ya aina hii ingeonyesha nani hakurudi kwa dozi ya pili.

Vikwazo? Umeme hukatika na mtandao hupotea, hivyo programu lazima ifanye kazi bila intaneti. Na penye vita, orodha ya majina na makazi ikiangukia mikono mibaya ni hatari. Kadi ya karatasi isitupwe bado.