Nduthi Imegongwa na Hakuna Damu Barabarani? Usidanganyike

Umeicheki hii. Nduthi imegongwa, msee amelala kando ya barabara, damu hakuna, na kuna mjuaji anasema, "Huyu yuko poa, muinueni akae." Maze, hapo ndipo watu hupotea.

Nyonga imeundwa kama pete ya mifupa. Ikivunjika na kufunguka, damu inamwagika ndani, na huko inaweza jaa lita kadhaa bila tone kuonekana nje. Mwili wa mtu mzima uko na kama lita 5 tu. Piga hesabu.

Noma ni kwamba mara mob si mshipa mmoja mkubwa umekatika. Ni vena ndogo ndogo huko nyuma, na mfupa wenyewe pia unavuja. Daktari hawezi shona moja moja. So nyonga inabanwa kwanza, kwa mshipi wake maalum ama hata shuka, lakini si kiunoni kama belti. Ni chini zaidi, pale paja linaungana na nyonga.

Damu ikikataa kusimama, ni thieta. Wanapasua chini ya kitovu bila kufungua penye matumbo, wanashindilia vitambaa safi, kawaida 3 kila upande, alafu wanashikilia mifupa na vyuma kwa nje. Vitambaa vinatolewa baada ya siku 1 ama 2. Kama ni ateri inavuja, inaweza zibwa kutoka ndani na mrija mwembamba unaopitishwa pajani, shida ni hizo mashine haziko kila hospitali.

Kwa hivyo huyo msee asikalishwe, na asipakiwe kwa nduthi ingine. Alale, miguu pamoja, mpigie 999 ama 112.