Kupasha Ayoni Moto kwa Mawimbi ya Redio

Mwaka 1997 mtambo wa JET, uliojengwa Culham nchini Uingereza, ulitoa megawati 16 kwa kuunganisha viini vya deuteri na triti, yaani haidrojeni nzito za aina mbili. Lakini kuvipasha moto kulihitaji megawati 24. Viini hivyo husukumana kwa chaji zao, na haviungani vya kutosha mpaka joto lifikie digrii milioni 100 au zaidi.

Katika joto hilo elektroni huachana na viini, nayo gesi huwa plazma. Njia nyepesi ya kuipasha ni kupitisha mkondo wa umeme ndani yake, kama katika pasi. Hata hivyo, waya wa pasi ukipata moto ukinzani wake huongezeka. Ukinzani wa plazma hupungua. Kadiri joto linavyopanda, ndivyo mkondo unavyoshindwa kulipandisha zaidi.

Hapo ndipo mawimbi ya redio hutumiwa. Ayoni iliyomo katika uga wa sumaku huzunguka kwa kasi maalumu: katika uga wa tesla 3.45, protoni huzunguka mara milioni 52 hivi kwa sekunde, na kiini cha deuteri nusu yake. Wimbi lenye marudio hayo hayo huisukuma ayoni kwa wakati wake katika kila mzunguko, kama mtu asukumaye bembea.

Kuna kikwazo ambacho wengi hawakitazamii. Plazma ikiwa ya ayoni za aina moja tu, wimbi lifikapo mahali hapo huzunguka kinyume cha ayoni, na karibu hakuna kinachopashwa. Dawa yake ni kutia ayoni ngeni chache, mathalani protoni asilimia chache ndani ya deuteri, na kulinganisha wimbi na hizo. Ayoni hizo hupokea nishati, kisha huigawa kwa kugongana na nyingine. Lakini zikiwa chache mno, kila moja hupata kasi ya kupita kiasi, na ayoni ya namna hiyo hupoteza nishati yake zaidi kwa elektroni, ilhali viini ndivyo vilivyokusudiwa. Kwa hiyo kipimo cha mchanganyiko ni kazi ya uangalifu mkubwa.

JET ulifungwa Desemba 2023. Majaribio yake ya mwisho, yaliyotumia mawimbi hayo pamoja na chembe zilizorushwa kwa kasi, yalitoa megajuli 69 kutokana na miligramu 0.2 tu za fueli; kiasi hicho bado kilikuwa pungufu ya nishati iliyoipasha plazma.